Picha ya Aprili

Kumi na Tano hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na watu wa majaruba ya chumvi, ambao wakishaamua kumbatiza mtu hawamwombi ruhusa. Kila mwezi, ikifika tarehe kumi na tano, maji yakikupwa tu, iwe asubuhi au alasiri, walimwona anakuja na kamera begani, anasimamisha stendi yake juu ya kigingi cha chuma kilichochimbiwa pale na watu wa Ofisi ya Pwani, inayofuatilia jinsi bahari inavyosogea, anaelekeza lenzi upande uleule, kwa urefu uleule, anapiga picha ileile. Anapiga kumi. Anachagua moja na kuituma ofisini kabla siku haijaisha, tisa anabaki nazo mwenyewe. Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na mmoja, na kama kuna kifungo cha kistaarabu kuliko hicho, mimi sijakisikia.

Msije mkadhani hakuipenda kazi. Mwanzoni aliipenda hadi akawa anachosha watu kwa maelezo. Januari na Februari, jua linapochoma, maji yanakauka ndani ya majaruba na chumvi inavutwa kwa reki, inarundikwa mafungu meupe yanayoumiza macho. Machi kaa wanahamia kwenye matuta yanayozuia bahari na kuyatoboa, na wenye matuta wanawatukana matusi ambayo hayaingii kwenye picha. Aprili ni masika, chumvi haivunwi, kila mtu yuko na jembe anaziba hapa na pale. Juni anga inatakata. Septemba wanarudi wale ndege wa miguu mirefu kutoka wanakokujua wenyewe, na mikoko inadondosha mbegu zinazojichomeka topeni bila kupandwa na mtu. Yote hayo aliyapiga picha, na kila mwisho wa mwaka ofisi ilichapisha kalenda iliyotundikwa mpaka kwa kinyozi na kwa fundi viatu. Watu walimsifu. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza kutoka hapo.

Maana hakuweza. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alioa tarehe kumi na tano, yeye akatuma kadi. Mwaka mmoja alishikwa na homa kali, akapelekwa kigingini kwa mkokoteni amejifunika blanketi, akapiga picha huku meno yanagongana. Tisa zilitikisika, moja ikatoka, na hiyo moja ndiyo iliyotumwa. "Mwezi mmoja ukikosekana," Mkuu wa Ofisi ya Pwani alizoea kumwambia, kwa upole wake ule wa kuudhi, "kazi yote ya miaka imekatika katikati. Bahari haitasubiri wewe upone." Basi akawa hasafiri zaidi ya mahali anapoweza kurudi siku ileile, na mwili wake ukazoea kuhesabu siku kama mtu anayekunywa dawa.

Na kile kigingi kilitazama wapi? Kilitazama jaruba la mwisho kabisa, lile lililopakana na bahari, ambalo lilikuwa la shangazi yake.

Shangazi, dada wa baba yake, alimchukua akiwa na miaka minne na hakumrudisha kwa mtu. Alimlea yeye na mumewe, ambaye Kumi na Tano alimwita Mzee tu, mtu mfupi, mgongo umepinda kidogo upande wa kushoto kwa ajili ya jembe, mchache wa maneno kiasi kwamba akisema "haya" ilionekana amehutubia. Hawakujaliwa mtoto mwingine. Mpaka leo Kumi na Tano alikuwa analala katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, na vifaa vyake vyote viko humo, kompyuta juu ya meza, nguo chini ya meza. Mwezi wa pili mwaka huu, katikati ya mavuno, Mzee aliinama kuokota reki na hakuinuka tena. Walimzika kesho yake. Shangazi alikaa ndani wiki moja, kisha akarudi majini, kwa sababu chumvi ilikuwa imeshakauka na mtu wa kuivuna alikuwa amebaki mmoja.

Mwezi wa tatu ndipo ilipokuja ile simu. Kampuni moja ya vitabu vya shule, huko bara, safari ya alasiri nzima na usiku wake, ilikuwa imeona zile kalenda. Walitaka mpiga picha wa kuzunguka: milima, mashamba, masoko, wanyama, watu, mwaka mzima, kila mahali. Kumi na Tano alisikia neno "kuzunguka" akaomba walirudie. Wakamwita kwenye usaili tarehe kumi na nne Aprili. Ofisini hakumwambia mtu. Alimwambia Shangazi peke yake, na Shangazi akamjibu, "Nenda. Vaa ile shati yenye kola, hiyo nyingine inakufanya uonekane umefukuzwa mahali."

Alipiga hesabu yake vizuri. Kuondoka tarehe kumi na mbili, usaili tarehe kumi na nne asubuhi, kupanda basi mchana uleule, na kesho yake alfajiri yuko nyumbani. Maji yangekupwa saa nne asubuhi. Muda ulitosha na kubaki. Ila hakuna aliyemwambia dereva. Basi lilikufa njiani, mahali pasipo na nyumba wala duka, na saa nne asubuhi ya tarehe kumi na tano Kumi na Tano alikuwa amekaa kwenye kivuli cha basi, fundi yuko chini ya injini miguu nje, na abiria wamekwisha kuzoeana kiasi cha kugombana.

Hapo ndipo alipofanya alilolifanya. Alifungua kompyuta yake, aliyoichukua kwenda kuonyesha kazi zake, akatafuta Aprili ya mwaka uliopita, akakuta zile picha tisa ambazo hakuzituma. Akaangalia moja kwa makini: tuta lipo, maji yako mbali, fungu la chumvi limefunikwa turubai, hakuna kitu cha kumchongea. Akabadilisha tarehe. Akaunganisha na simu, akaituma. Aprili ni Aprili, alijiambia. Katika miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumpigia simu kuuliza lolote kuhusu picha hata moja.

Asilolijua ni kwamba usiku wa tarehe kumi na tatu, yeye akiwa bara, bahari ilikuwa imeingia.

Aliyaona hayo tarehe kumi na sita alipofika. Matuta yote yalikuwa yameliwa, na la Shangazi lilikuwa limefunguka katikati, pengo la kupitisha lori, bahari inaingia na kutoka kama mwenye nyumba. Shangazi alikuwa ndani ya tope hadi magotini, anachota na kutupa, anachota na kutupa, kazi isiyo na kichwa wala miguu. Alimwona akasema, "Wamekuchukua?" Hakusema kingine kwanza. Kumi na Tano alisema hajui bado, akavua viatu akaingia topeni. Angeweza kwenda ofisini siku ileile akasema, jamani, picha ile si ya jana. Angefukuzwa, basi. Lakini alikuwa anasubiri jibu la bara, na bara walikuwa wamesema watahitaji barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba ni mtu mwaminifu. Akanyamaza. Mwezi wa tano akapiga picha ya kweli, yenye pengo la kweli, akaituma.

Jibu la bara lilikuja: aanze kazi tarehe mosi Julai, naye akaomba ile barua ofisini. Na wiki hiyohiyo likaja tangazo la Ofisi ya Pwani. Kila mwenye jaruba ambaye tuta lake lilibomolewa na bahari usiku wa tarehe kumi na tatu Aprili ataletewa mawe na mtambo, na tuta litajengwa upya. Wote wakaandikwa. Majirani walishuhudiana wao kwa wao, ofisi ikawakubalia, maana hapakuwa na ushahidi mwingine. Shangazi peke yake alikataliwa, ingawa na yeye alishuhudiwa. Jaruba lake ndilo peke yake lenye picha, na picha ilisema kwamba tarehe kumi na tano, siku mbili baada ya bahari kuingia, tuta lake lilikuwa zima. Limevunjika baadaye, waliandika, kwa uzembe wa kufungua lango la maji. Akakata rufaa. Akaitwa kusikilizwa tarehe kumi na tisa Juni.

Chumba cha mikutano cha Ofisi ya Pwani kilikuwa na meza ndefu, viti sita, feni inayozunguka bila kuleta upepo, na ukuta mmoja uliopakwa chokaa nyeupe kwa ajili ya projekta. Mkuu alikaa mwisho wa meza. Karani, mwanamke wa makamo mwenye mwandiko mzuri na uso usiosema kitu, alikaa pembeni yake na faili. Wajumbe wawili wa ofisi walikaa kwa sababu sheria inataka wajumbe wawili. Kumi na Tano aliitwa kama mpiga picha, akae mlangoni, aulizwe akihitajika. Dirisha lililokuwa nyuma yake lilikuwa na nondo, na tangu alipokaa alikuwa anazisikia mgongoni.

Shangazi alianza vizuri. Alikuwa amevaa nguo zake za msibani, zilizopigwa pasi, na alisimama bila kuambiwa.

"Bwana Mkuu, lile tuta nalijua kuliko ninavyoyajua magoti yangu. Limebomoka usiku wa tarehe kumi na tatu, mimi niko macho, nalisikia. Kwanza lilipasuka, halafu likanyamaza, halafu maji yakaja uani kwangu na viatu vyangu vikaondoka."

"Mama, tafadhali," Mkuu alisema, anatabasamu, "usije ukatia chumvi."

"Nitie ipi, baba? Yote imekwenda na maji."

Wajumbe walicheka. Hata Karani alicheka. Kwa dakika moja Kumi na Tano alidhani kwamba labda Shangazi atashinda hivyohivyo, kwa mdomo wake, na yeye hatalazimika kufungua wake. Alimwomba Mungu iwe hivyo. Lakini Mkuu alinyoosha mkono kwenye projekta, mapazia yakafungwa, na Aprili ikatokea ukutani.

Ilikuwa kubwa. Kumi na Tano hakuwahi kuiona ikiwa kubwa namna ile. Tuta lilipita katikati, zima, limenyooka, halina hata ufa.

"Hii ni Aprili ya mwaka huu?" Shangazi aliuliza.

"Ya mwaka huu, mama. Tarehe kumi na tano. Imeandikwa pale chini."

Shangazi hakujua kusoma, hivyo hakuangalia pale chini. Alitoka kwenye kiti, akausogelea ukuta, akasogea mpaka kivuli chake kikaziba nusu ya bahari. Aliangalia tuta. Halafu akaangalia upande wa kushoto, kule pembeni, kwenye lile fungu lililofunikwa turubai, na hapo macho yakabaki. Yalibaki hapo hadi mjumbe mmoja akakohoa. Aliinua kidole, akagusa ukuta kidogo tu, akakirudisha.

Akageuka, na hakumtazama Mkuu. Alimtazama Kumi na Tano pale mlangoni. Kumi na Tano alisubiri atamke jina lake, atamke lolote, na alikuwa tayari, nusu yake ilikuwa inamsihi atamke.

"Picha ni picha," Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Pengine mimi nimechanganya siku. Mtu mzima, msiba juu ya mafuriko. Mniwie radhi."

Mkuu alionekana kushangaa, kisha kufarijika. Alisema hakuna ubaya, kila mtu huchanganyikiwa. Karani ataandika kumbukumbu, na kesho saa tatu mama aje kuweka kidole, shauri lifungwe. "Na wewe," alimwambia Kumi na Tano walipokuwa wanatoka, "barua yako imeshachapwa. Kesho hiyohiyo nitaisaini. Tutakukosa, lakini ndiyo maisha."

Kumi na Tano alifika nyumbani, akafunga mlango wa chumba cha nyuma, akaifungua picha kwenye kompyuta. Akakuza pembe ya kushoto. Turubai. Akakuza zaidi. Nyuma ya turubai kulikuwa na kitu alichokuwa amekiona mara zote akakidhania gunia: kitu cha kahawia, kimeinama, na mstari mwembamba unatoka kwake kwenda chini. Akakuza tena. Ule mstari ulikuwa mpini wa jembe. Gunia lilikuwa na shingo. Lilikuwa mgongo wa mtu mfupi, umepinda kidogo upande wa kushoto.

Aliweka mikono usoni. Alikaa hivyo mpaka jasho na machozi vikawa kitu kimoja, na chumba kile ambacho alikuwa akikiona kidogo miaka yote, siku hiyo hakikumtosha hata kuvuta pumzi.

Shangazi alikuwa uani, anashona gunia kwa sindano kubwa.

"Ulimwona," Kumi na Tano alisema.

"Nani?"

"Shangazi, usinifiche."

Alivuta uzi, akakata kwa meno. "Nimemzika mwezi wa pili, mwezi wa nne namkuta kazini. Nikasema huyu mtu kweli hajui kupumzika."

Alicheka kidogo, na kicheko kikamgeuka njiani. Alijifuta kwa kiganja, akatunga uzi upya kwenye tundu la sindano. Kumi na Tano alikaa chini kwenye udongo mbele yake, akamweleza yote: basi, kivuli, picha tisa, tarehe. Alieleza haraka, kama mtu anayetapika. Shangazi aliendelea kushona.

"Kesho nitawaambia," alimaliza.

"Hutawaambia."

"Tuta lako, Shangazi. Utaishi vipi?"

"Nitavuna kwa majirani. Mikono ninayo."

Kumi na Tano alijua maana yake. Ni kuvuta reki kwenye jaruba la mwingine, kulipwa kwa fungu, kwa umri ule, mpaka siku na yeye atakapoinama na kutoinuka.

"Sikiliza, baba," Shangazi alisema. "Mimi nimekaa kwenye maji yale miaka thelathini na minne. Unadhani nilikuwa napenda? Sikuwa na pa kwenda. Wewe umepata pa kwenda. Ukibaki hapa kwa ajili ya tope langu, kila nikikuona nitakuchukia, na mimi sitaki kukuchukia. Nimekulea kwa shida." Akarudi kwenye gunia lake. "Nimekwisha sema. Usinitie aibu mbele za watu."

Asubuhi Kumi na Tano alichapa kile kipande cha picha, ukubwa wa karatasi nzima, akachukua na cheti cha kifo cha Mzee kutoka kwenye sanduku la Shangazi bila kumuuliza, akavitia ndani ya bahasha.

Saa tatu walikuwa chumbani mle tena, safari hii bila wajumbe. Kumbukumbu zilikuwa mezani, wino wa kidole umefunguliwa. Shangazi alikuwa ameshanyoosha mkono aliposikia nyuma yake, "Bwana Mkuu, ile picha si ya mwaka huu."

Kumi na Tano alisema yote kwa mpango, kwa sababu alikuwa amekesha akiyapanga. Mkuu alisikiliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoogopesha.

"Una ushahidi gani?"

"Picha yenyewe ninayo kwenye kompyuta, na tarehe yake ya kweli. Mwaka jana."

"Si umeniambia sasa hivi kwamba tarehe unaweza kuibadilisha?" Mkuu alisema. "Ulibadilisha ile, unashindwaje kubadilisha hii? Niamini tarehe yako ya kwanza au ya pili?"

"Sikuwepo hapa siku hiyo. Nilikuwa bara kwenye usaili."

"Usaili tarehe ngapi?"

"Kumi na nne. Asubuhi."

"Basi kumi na tano ulikuwa umerudi."

"Basi liliharibika njiani."

Mkuu alivua miwani. "Mwanangu, huyu ni shangazi yako. Unalala nyumbani kwake. Siku kumi zijazo unaondoka na kumwacha na jaruba bovu. Nikipeleka maneno haya juu, watasema nini? Watasema kijana ana huruma. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Na wataniuliza jambo lingine: kama picha moja ni ya uongo, je, zile mia na thelathini? Miaka kumi na mmoja yote naitupa wapi?"

Hapo Kumi na Tano alielewa jinsi alivyofungiwa. Uongo wake ulikuwa umeaminiwa bila swali hata moja, na ukweli wake ulikuwa unaombwa vitambulisho. Alifungua bahasha, akaweka mezani ile picha na cheti.

"Huyu mtu aliyeinama ni mume wa shangazi yangu. Alikufa Februari. Hawezi kuwa kwenye tuta Aprili."

Karani aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Mkuu alivaa miwani tena, akaichukua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga. Alisoma cheti. Aliangalia mgongo ule kwa muda.

"Uso hauonekani," alisema taratibu. "Huu ni mgongo. Yeyote anaweza kuwa na mgongo." Kisha akaisukuma karatasi mpaka mbele ya Shangazi, na sauti yake ikawa ya mtu anayeomba, sijui alikuwa anaomba jibu gani. "Mama, wewe ndiye unayeweza kusema. Ukisema ni yeye, nitaandika ni yeye, na yatakayotufika yatufike sote. Ni mumeo huyu?"

Feni ilizunguka. Shangazi aliiinamia picha. Jana ilikuwa ukutani, mbali, imefifia kwa mwanga. Leo ilikuwa chini ya pua yake, na Mzee alikuwa mkubwa kama kiganja, kitambaa chake shingoni, kisigino kimoja kimeinuka topeni. Kumi na Tano alisema moyoni, sema, Shangazi, sema, nitoe humu.

"Simjui," Shangazi alisema.

"Shangazi!"

"Simjui mtu huyu," alirudia, sasa kwa nguvu, uso kwa Mkuu. "Watu wengi hupita pale. Mtoto ana uchungu wa kuniacha, msimsikilize."

Mkuu alimtazama Shangazi, akamtazama Kumi na Tano, na akainamisha macho kwenye meza. Halafu alimkabidhi Karani picha ile iingizwe kwenye faili. Karani aligeuza karatasi, akaandika maneno mawili chini yake kwa ule mwandiko wake mzuri.

"Ameandika nini hapo?" Shangazi aliuliza.

Tangu aanze shule, Kumi na Tano ndiye aliyekuwa anamsomea kila karatasi iliyoingia ndani ya nyumba ile. Akasoma.

"'Mtu asiyejulikana.'"

Shangazi alitikisa kichwa polepole, anayapima yale maneno.

"Mwambie aongeze kwamba ni mchapakazi," alisema. "Hata kama hajulikani, hilo linaonekana."

Kalamu ya Karani ilibaki hewani. "Mama," Mkuu alisema, "hilo halihusiani na shauri."

"Najua halihusiani. Aandike tu."

Karani aliandika. Hakumwangalia Mkuu kwanza. Alipomaliza, Shangazi alichovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya kumbukumbu, akakiacha pale muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mkuu alifungua mtoto wa meza, akatoa barua, akaisaini, akaipiga mhuri, akaisukuma mpaka mbele ya Kumi na Tano. Maneno ya kwanza yalisema kwamba mwenye barua hii ni mtu mwaminifu. Kumi na Tano hakunyoosha mkono. Aliwaza kuichana. Aliona atakavyoichana, vipande vinne, na aliona pia kitakachofuata: tuta halitajengwa, kazi itakuwa imekwenda, na Shangazi atakuwa amemkana mumewe mchana kweupe bure.

Shangazi alikuwa anafuta wino kwenye kidole kwa pindo la nguo yake. Hakuinua macho.

"Chukua, baba," alisema. "Usinifanye nirudie."

Akaichukua.